Yaliyompata Mama Mmoja Zaragoza Siku ya Sikukuu

Nchini Hispania dawa haziuzwi madukani wala sokoni. Hata kidonge cha kutuliza maumivu, kile ambacho kwetu mtoto hutumwa duka la Mangi akalete viwili, kule hupatikana famasi peke yake. Na famasi nyingi hufungwa Jumapili na siku za sikukuu. Wenzetu wanaokwenda huko kusoma, kufanya kazi, kukimbia mbio au kumtazama binti aliyeolewa wengi hawalijui jambo hili mpaka siku dawa inapohitajika na milango imefungwa. Kisa ninachokisimulia kilimpata mama mmoja wa Tanga. Nimekisikia kwa kinywa chake mwenyewe, naye amekubali nikiandike bila kumtaja jina, ili mwingine asipite pale alipopita yeye.

Mumewe alikuwa akisomea shahada ya uzamivu Zaragoza, mji wa kaskazini mashariki ulio kando ya mto Ebro. Mwaka 2022 mama huyo alimfuata pamoja na mtoto wao wa kiume wa miaka saba. Mtoto ana pumu, ila si ya kutisha. Nyumbani ilikuwa ikimshika wakati wa vumbi au mvua za kwanza, anavuta dawa, anapumzika kidogo, kisha anarudi kwenye mpira. Mama alisafiri na inhela moja ya salbutamol aliyoinunua Tanga. Hakubeba ya akiba, wala hakubeba cheti cha daktari.

Zaragoza ina upepo wake, wenyewe huuita cierzo. Hushuka na bonde la Ebro kutoka kaskazini magharibi, mkavu na wa baridi, na mwezi wa Desemba hupenya kwenye koti hadi kifuani. Mwenye pumu huuona mapema. Tangu mwisho wa Novemba mtoto alianza kukohoa usiku. Inhela iliyokuwa ikitoka mkobani mara moja moja sasa ilikaa kando ya kitanda, na ilitumika karibu kila siku.

Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza, na ilipita bila kusikilizwa. Dawa ya kufungua kifua ikianza kuhitajika mara nyingi kuliko kawaida, maana yake pumu haijatulia na mtoto anatakiwa kuonwa na daktari kabla mambo hayajaharibika. Mama aliona ni baridi ya ugenini, atazoea. Sioni kama ana lawama ya peke yake hapo. Neno "atazoea" tunalo wote midomoni, tunalisema kwa mtoto, kwa mgonjwa na hata kwa miili yetu wenyewe, na mimi nisingeshangaa kama ningelisema pia.

Dalili ya pili ilikuwa mkononi mwake. Kila jioni aliitikisa ile inhela, akasikia kitu kikicheza ndani, akaibonyeza mara moja hewani, akaona ukungu ukitoka, akaridhika kwamba dawa bado ipo. Nakusihi ndugu msomaji, ukiwa na mwenye pumu nyumbani, lishike hili vizuri. Inhela nyingi za salbutamol hujazwa dawa ya mipulizo 200. Mipulizo hiyo ikiisha, gesi inayoisukuma dawa inaweza kubaki ndani. Ukibonyeza bado inatoa sauti, bado inatoa ukungu, lakini kinachomfikia mgonjwa ni gesi isiyo na dawa ya kutosha, au isiyo na dawa kabisa. Kutikisa hakutoi jibu la kuaminika. Baadhi ya inhela zina kihesabio kidogo nyuma kinachoonyesha mipulizo iliyobaki, ila yake haikuwa nacho. Isiyo nacho inahesabiwa kwa kalamu: andika tarehe uliyoifungua na uweke alama kila inapotumika.

Kisha ikaja kalenda. Desemba ya mwaka ule, tarehe 6, Siku ya Katiba, iliangukia Jumanne. Tarehe 8, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, ikawa Alhamisi. Wahispania wana neno la hali kama hiyo, "puente", yaani daraja: mtu huomba ruhusa siku ya kazi iliyobanwa na sikukuu, akaunganisha mapumziko, akaenda kwao au milimani. Ukilisikia neno hilo kwa majirani, jua kwamba kwa siku kadhaa milango mingi uliyoizoea itakuwa imefungwa. Mama alilisikia kwenye ngazi za jengo lao tangu wiki iliyotangulia, "buen puente, buen puente", akadhani ni salamu.

Mumewe alikuwa Madrid kwa shughuli za utafiti. Jumatano tarehe 7, siku ya kazi katikati ya sikukuu mbili, mama alimwacha mtoto kwa jirani akateremka hadi famasi iliyo chini ya jengo lao. Alimwonyesha muuzaji, mwanamke wa makamo aliyevaa koti jeupe, ile inhela yake. Mwanamke akasoma lebo, akatikisa kichwa kwa upole, akaanza kueleza. Katika maelezo yale mama alishika maneno machache tu. Moja ni "receta". Jingine ni "centro de salud", kwa kuwa mwanamke alikuwa akionyesha kwa mkono upande wa kituo cha afya cha mtaa. Mwishoni akasema, tena akarudia: "Mejor hoy. Mañana es festivo." Afadhali leo. Kesho ni sikukuu.

Mama akajibu, "Sí, sí, gracias," akatoka.

Nimemwuliza kwa nini aliitikia. Akaniambia, "Niliona haya. Watu walikuwa foleni nyuma yangu, na yule mama alikuwa mwema kwangu. Nikaona kumrudisha rudisha ni kumsumbua. Nilielewa niende kituo cha afya, nikasema nitakwenda kesho asubuhi na mapema." Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa maana jambo hili si la mama huyu peke yake. Tumelelewa kuitikia. Mkubwa akisema, unaitikia. Mgeni akieleza, unaitikia. Kumwambia mtu aliyejitaabisha kwa ajili yako kwamba hukuelewa huonekana kama kumtia doa. Adabu hiyo ni njema barazani, lakini mbele ya mtu anayekueleza habari za dawa inaweza kukuangamiza. Yule mwanamke wa famasi alipoona ameitikiwa mara mbili, aliamini ujumbe umefika. Angeambiwa "no entiendo", sielewi, au "¿puede escribirlo?", unaweza kuliandika, angechukua karatasi akaandika neno festivo na saa za kituo, na mama angekwenda alasiri ileile.

Na "receta" aliyoisikia maana yake ni cheti cha daktari cha kuandikiwa dawa. Kwetu inhela ya salbutamol mara nyingi unaipata kwa kuulizia tu, kwa hiyo haikumjia akilini kwamba anaombwa karatasi. Kule haiuzwi bila cheti, na vivyo hivyo antibayotiki, insulini na dawa nyingi za presha. Ukisikia "con receta", cheti kinahitajika. Ukisikia "sin receta", unaweza kununua hivi hivi. Pengo kati ya hayo mawili ni ziara moja kwa daktari, na ziara hiyo siku ya sikukuu haipatikani kule ulikozoea.

Wakati anatoka, mama alipita mbele ya dalili nyingine. Alikuwa ameshaipita kila siku tangu ahamie mtaani pale. Kwenye kioo cha famasi palikuwa na karatasi yenye anwani na saa, na juu yake herufi kubwa: FARMACIAS DE GUARDIA. Kiingereza anakijua, na barabarani alishaona magari ya Guardia Civil, jeshi lao la usalama. Akajumlisha hayo, akaamini ni tangazo la walinzi, labda kampuni inayolinda duka usiku. Hakulisoma zaidi. Kumbe hizo ndizo famasi za zamu. Sisi tuna daktari wa zamu na muuguzi wa zamu, wao wana pia famasi za zamu, zinazobaki wazi wakati nyingine zote zimefungwa: usiku, Jumapili, sikukuu. Sheria yao ya mwaka 1997 juu ya huduma za famasi pamoja na kanuni za majimbo zinahakikisha kuwa zamu haikatiki, na famasi iliyofungwa hubandika mlangoni orodha ya zile zilizo kazini. Jibu la swali la mama lilikuwa limebandikwa usawa wa macho yake.

Alhamisi asubuhi alikwenda kituo cha afya akakuta kimefungwa. Alirudi nyumbani bila wasiwasi mkubwa, mtoto alikuwa akichora mezani. Jioni upepo ulipozidi, kifua kikambana. Mama akambonyezea ile inhela mara mbili, ukungu ukatoka, hali haikubadilika. Akarudia. Kila pumzi ikawa na sauti ya filimbi, nyama iliyo kati ya mbavu ikawa inazama ndani anapovuta hewa, na alipotaka kusema neno hakuweza kulimaliza. Alimpigia mumewe simu. "Baba watoto, dawa haifanyi kazi." Mume akamwambia, "Mkimbize famasi, mama, nami naanza safari sasa hivi."

Akamvisha koti, akambeba mgongoni, akatoka. Famasi ya chini ilikuwa imeshushiwa mlango wa chuma na msalaba wake wa kijani ulikuwa umezimwa. Alisimama mbele ya ile karatasi kwa mara nyingine, akatafuta mtu wa kumwuliza, mtaa mtupu. Mbele, kwenye jengo la maduka lililokuwa wazi, akaona taa ya kijani na maandishi PARAFARMACIA. Akaharakisha. Ndani kulikuwa na mafuta ya ngozi, sabuni, miswaki na maziwa ya watoto wachanga. Kijana wa kike aliyekuwa akiuza akamwambia hapauzwi dawa. Kisha akamtazama mtoto midomo ilivyobadilika rangi, akaacha kaunta, akachukua simu yake akapiga 112.

Gari la wagonjwa lilifika. Mtoto alipewa oksijeni na dawa ya mvuke kwa kinyago njiani, akalazwa, na baada ya siku chache aliruhusiwa kurudi nyumbani. Yuko salama, na sasa anasema Kihispania kuliko wazazi wake. Lakini mama ananiambia kuwa daktari wa usiku ule alimweleza waziwazi, kwa msaada wa mkalimani wa simu, kwamba muda ulikuwa umebaki mdogo.

Nataka jambo moja lieleweke kabla sijaendelea. Mtoto alipofika hali ya kushindwa kusema, famasi ya zamu nayo haikuwa mahali pake. Hapo panahitaji 112 na hospitali, bila kusimama popote. Zamu ingemfaa asubuhi. Kituo kikiwa kimefungwa siku ya sikukuu, unamwendea daktari wa dharura. Sehemu hiyo huitwa "urgencias", ipo hospitalini, na miji mingi ina pia vituo vidogo vya afya vinavyohudumia dharura siku za mapumziko. Daktari akikupa receta, unaibeba hadi "farmacia de guardia", unapata dawa. Hatua ni hizo mbili, na zote mbili zipo hata siku ya Krismasi.

Sasa maneno yenyewe. Si mengi, na mtu anaweza kuyashika kwa jioni moja hata kama hajui Kihispania kingine chochote. Swali kuu ni "¿Dónde está la farmacia de guardia más cercana?", iko wapi famasi ya zamu iliyo karibu zaidi. Guardia hutamkwa gwardia. Huko Hispania herufi c kabla ya e au i husikika kama th ya thelathini, hivyo farmacia ni farmathia na receta ni retheta, jambo ambalo ulimi wa Mswahili unaliweza bila mazoezi. Urgencias ina kh ya heri inayotamkwa Kiarabu: urkhenthias. Ukienda Amerika ya Kusini, c hiyo hugeuka s. Ukikosea matamshi watakuelewa tu, kwa hiyo usinyamaze kwa kuogopa kuchekwa.

Kwenye karatasi ya mlangoni tafuta saa. "Diurna" ni zamu ya mchana, "nocturna" ni ya usiku, na "24 horas" haifungwi kabisa. "Laborables" ni siku za kazi, "sábados" Jumamosi, "domingos y festivos" Jumapili na sikukuu. "Abierto" ni wazi, "cerrado" kumefungwa. Famasi nyingi hufunga pia mchana, kuanzia kama saa nane hadi saa kumi na moja kwa saa zetu, halafu hufungua tena hadi usiku unapoingia, kwa hiyo usikate tamaa ukikuta mlango umefungwa saa tisa ya siku ya kazi. Ukiwa na simu yenye intaneti, andika maneno farmacia de guardia pamoja na jina la mji. Kila mkoa una chama rasmi cha wafamasia, "colegio oficial de farmacéuticos", na vyama hivyo huchapisha orodha ya zamu ya kila siku. Orodha hiyo iamini kuliko saa zilizowekwa kwenye ramani za simu, kwa maana ramani hazijui sikukuu za kila mji.

Ukifika usiku usishangae kukuta mlango umefungwa huku taa zikiwaka. Famasi nyingi za zamu ya usiku huhudumia kwa kidirisha. Kando ya mlango kuna kengele, "timbre". Unabonyeza, unasubiri, mfamasia anakuja dirishani, unapitisha cheti na pesa, naye anakupitishia dawa. Nimesikia habari za watu waliofika hadi pale, wakasukuma mlango, wakageuka na kurudi nyumbani. Bonyeza kengele. Kwa ajili hiyo yupo.

Kuhusu sikukuu zenyewe, usitegemee kalenda ya Tanga wala ya Mombasa, wala hata ya rafiki yako aliye mji mwingine wa hukohuko. Sheria yao inaruhusu hadi sikukuu 14 za mapumziko kwa mwaka. Nyingi ni za taifa, nyingine za jimbo, na mbili ni za mji wenyewe. Zaragoza hupumzika Januari 29 kwa ajili ya San Valero. Valencia hupumzika Januari 22, Madrid Mei 15. Alhamisi Kuu kabla ya Pasaka ni sikukuu Andalucía, lakini Catalonia hupumzika Jumatatu ya Pasaka. Januari 6, siku ambayo wengi wetu tumesharudi kazini, kwao ni sikukuu kubwa ya Mamajusi na watoto hupewa zawadi. Tena mwezi wa Agosti baadhi ya famasi hufunga kwa likizo na kubandika "cerrado por vacaciones", hapo tena unarudi kwenye orodha ya zamu. Swali la kuuliza kila unaponunua mkate ni fupi: "¿Mañana es festivo?" Na lingine la kuuliza famasi: "¿Abren mañana?", mnafungua kesho?

Jihadhari na mabango yanayofanana. Parafarmacia umeshaiona: ni vipodozi na vifaa vya usafi. "Herbolario" ni duka la mitishamba. "Droguería" nchini Hispania huuza sabuni za kufulia, dawa za kusafishia na rangi, wala hutapata humo kidonge. Lakini mtu huyohuyo akihamia Colombia, droguería ndilo jina la kawaida la famasi. Argentina, Uruguay na Chile hawasemi guardia, husema "farmacia de turno", na sikukuu huiita "feriado" badala ya festivo. Nayataja haya kwa sababu vijana wetu sasa wanakwenda mbali, na aliyejifunza neno la Madrid anaweza kusimama Buenos Aires akiuliza bila kuona ishara yake mlangoni.

Ukifika mbele ya mfamasia, jina la biashara la dawa yako huenda halijulikani kule. Jina la dawa yenyewe ndilo linalovuka mipaka. Salbutamol ni salbutamol, metformin wao huandika metformina, amlodipine huandika amlodipino, paracetamol haibadiliki. Tunza boksi tupu au karatasi ya ndani, piga picha lebo yenye miligramu, uiweke kwenye simu. Mwombe daktari wako kabla ya safari akuandikie barua yenye majina hayo, vipimo na ugonjwa. Barua hiyo haimlazimu mfamasia wa kule kukuuzia, mara nyingi atakutuma kwa daktari, lakini daktari akiisoma kazi yake inakuwa nyepesi na receta inatoka mapema. Ukiwa mjamzito, mwambie mfamasia kabla hajakupa chochote: "Estoy embarazada." Mwenye mzio aseme "soy alérgico a", mwanamke "alérgica", kisha jina la dawa inayomdhuru. Na wanaojua Kiingereza wasiamini kila neno linalofanana nacho. Mtu akisema "constipado" famasi ya Madrid, atapewa dawa ya mafua. Aliyefunga choo husema "estreñido".

Neno moja kutoeleweka linaweza kufika mbali kuliko tunavyodhani, na haliwapati wageni wa Hispania peke yao. Mwaka 1980, huko Florida nchini Marekani, kijana wa miaka 18 alipelekwa hospitalini akiwa hana fahamu. Familia yake ya Kikuba ilieleza kwamba alikuwa "intoxicado", ikimaanisha kwamba kuna kitu alichokula kilichomdhuru. Madaktari walilisikia kwa sikio la Kiingereza, wakaelewa kwamba amezidisha madawa ya kulevya, wakamtibu hivyo. Ukweli ni kwamba alikuwa akivuja damu kwenye ubongo. Ilipogundulika muda ulikuwa umepita, akabaki amepooza mikono na miguu. Malipo ya fidia yalifikia karibu dola milioni 71. Pale hospitalini kila upande uliamini umemwelewa mwenzake, na hakuna aliyeomba mkalimani. Ndiyo maana narudia kuwasihi wanaosafiri: usione haya kusema hujaelewa, na ukiona mambo ni ya ugonjwa, ulizia mkalimani, "intérprete". Ukikosa, simu ya mwenzako anayejua lugha ikiwekwa kwenye spika ni bora kuliko kuitikia.

Namba ya dharura Hispania, kama ilivyo katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, ni 112, na kuipiga ni bure. Mexico ni 911, Colombia ni 123. Anayepokea huanza kwa kutaka kujua uko wapi, na mtu mwenye mtoto anayehangaika mikononi husahau hata jina la mtaa wake. Kwa hiyo andika anwani yako kwenye karatasi ubandike karibu na mlango kwa mpangilio wao: "calle" na jina la mtaa, namba ya jengo, "piso" yaani ghorofa, "puerta" yaani mlango, kisha mji. Chini yake andika sentensi moja au mbili za kusoma hata kama mikono inatetemeka: "Mi hijo no puede respirar", mwanangu wa kiume hawezi kupumua, au "mi hija" akiwa wa kike. "Tiene asma", ana pumu. Kama ni presha andika "tensión alta", kama ni kisukari "diabetes". Ifundishe familia nzima kuisoma, pamoja na bibi aliyekuja kulea na mtoto aliyeanza shule, kwa kuwa huwezi kujua nani atakuwa nyumbani siku hiyo.